Nilikula Msiba Usio Wangu

Sehemu ya Tano

Naitwa Paskalina. Kama ndiyo kwanza unanikuta leo, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mambo yangu hayana mzunguko mrefu: nilianza kwa kubana matumizi ya jikoni, nikaishia kula misiba ya watu.

Mume wangu Gwakisa ni fundi magari. Gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa, alikwenda Chunya kutafuta dhahabu. Mwezi wa kwanza alituma hela. Wa pili alituma kidogo. Wa tatu simu yake ikawa haipatikani, na hadi siku ninayoisimulia ilikuwa imetimia miezi mitano bila neno. Nilibaki Mbeya, chumba kimoja Ilomba, na mabinti wawili: Blandina wa miaka tisa na Tumpe wa miaka mitano.

Nilibana. Sukari niliifuta kabisa. Mafuta nikawa napima kwa kifuniko cha chupa. Nilitoka kwenye sembe nikaenda kwenye dona, nikatoka kwenye mchele nikaenda kwenye chenga. Sokoni Mwanjelwa nilikuwa naenda jua linapozama, wauza nyanya wanapouza masalo, zile zilizopondeka ambazo hawataki kulala nazo. Dagaa nilizidisha chumvi makusudi ili mmoja asukume matonge matatu.

Ndipo jirani yangu akafiwa na mkwewe. Tulikula kwake siku tatu: wali, maharage, kabichi, na siku ya maziko nyama. Siku tatu jiko langu halikuwashwa. Niliporudi, unga wangu ulikuwa pale pale nilipouacha.

Siku hiyo shetani alinifundisha ujanja.

Nikawa nasikiliza. Nikisikia spika inaimba nyimbo za majonzi tangu asubuhi, nafuata sauti mpaka nione turubai. Nilikwenda misiba ya Sae, ya Nzovwe, ya Uyole. Sikwenda mikono mitupu, nilikwenda na kisu. Mtu anayemenya vitunguu msibani haulizwi katoka wapi. Na machozi anayapata hapo hapo, bure.

Msiba wa sita ulikuwa Iyela, kwa marehemu Liberatus, mfanyabiashara wa mchele, mwenyeji wa Iringa aliyekuwa na nyumba huku kwa ajili ya biashara. Huko ndiko nilikowaacha wiki iliyopita. Nilikuwa nimekaa na wanangu karibu na masufuria, mama mzazi wa marehemu, ambaye wote walimwita Bibi, akapita akijikongoja. Akasimama. Akamshika Tumpe kidevu, akamwangalia muda mrefu.

Akasema, "Hii pua naijua."

Haya. Sasa nisikilizeni.

*

Nilidhani nimekamatwa. Nilidhani atasema, huyu mtoto nilimwona msiba wa Uyole.

Badala yake alinishika mkono.

"Inuka, mwanangu. Kwa nini unakaa jikoni kama mtu wa kukodiwa? Njoo ndani."

"Bibi, mimi..."

"Najua. Umeogopa. Njoo."

Nikapelekwa sebuleni, mimi na wanangu, nikakalishwa mkekani mbele kabisa, hatua nne kutoka kwa mjane. Mjane anaitwa Faustina. Alikuwa amekaa kwenye godoro, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia.

"Watoto wanaitwa nani?" Bibi akauliza.

"Huyu Blandina. Huyu Tumpe."

"Tumpe ni jina la Kinyakyusa."

"Ndiyo, Bibi. Baba yao..."

"Alitaka kutuficha," akadakia. "Akampa jina la huku ili sisi wa Iringa tusishtuke. Liberatus huyo! Tangu utoto alikuwa msiri." Akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Wamekula?"

Hapo, msomaji, ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema, Bibi, umenifananisha, mimi ni mpita njia mwenye njaa.

Nikasema, "Bado, Bibi."

Zikaja sahani mbili zilizojaa. Vipande vya nyama vilikuwa juu ya wali, si vile vya kutafuta kwa kijiko. Tumpe alikula kwa mikono yote miwili.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniinamia.

"Kumbe ndiye wewe," akanong'ona. "Tumekusikia miaka. Liberatus ana mwanamke Mbeya, Liberatus ana mabinti wawili Mbeya. Lakini hakuna aliyewahi kukutia machoni. Umejikaza, dada. Mimi nisingethubutu kuja mbele ya mke wa ndoa."

Nikaelewa. Wote walidhani mimi ndiye huyo mwanamke.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilijifunika kanga usoni, nikalia. Na nawaapia, yale machozi hayakuwa ya vitunguu. Nilikuwa namlilia Gwakisa, ambaye sikujua kama yuko hai au kifusi cha Chunya kimemlalia. Lakini nani angejua? Kila nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuamini.

Jioni tulipoaga, Bibi aliniwekea mfuko: mchele, mafuta, sukari. Sukari! Nilikuwa sijaigusa tangu shule zifunguliwe.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka," akasema. "Tunamzika nyumbani Iringa, kijijini Kalenga. Viti vyenu vitatu vipo. Usiponiletea wajukuu wangu wakamzike baba yao, sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

*

Nilijiambia siendi. Nilijiambia hivyo nikiwa nakunja nguo za watoto.

Mfuko ule ungetutosha wiki, tena kwa kubana. Lakini nilikuwa na hofu nyingine: wakija kunitafuta? Mbeya si kubwa kihivyo. Na upande wa pili tumbo lilikuwa linanisemesha. Maziko, siku ya pili, kumaliza matanga. Siku nne watoto wanakula, na mfuko unabaki mzima chumbani.

Blandina aliamka akanikuta nimevaa.

"Tunaenda kwa nani, mama?"

"Kwa watu waliofiwa."

"Kama wale wa Sae?"

"Kama wale."

Hakuuliza tena. Akaenda kwenye beseni la vyombo, akachukua kile kisu changu, akakifunga kwenye kanga kama alivyoniona nikifanya. Mtoto wa miaka tisa. Nilitaka kumwambia akiache, nikaishia kufunga mlango.

Jeneza lilitangulia na gari dogo, pamoja na mjane na Joachim, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyeshika msiba wote. Sisi wengine tulipanda Coaster. Walitupa kiti cha mbele. Nyuma yangu nilisikia minong'ono hadi Igawa.

Makambako msafara ukasimama watu wanyooshe miguu. Ziligawiwa chapati, mayai na chai. Nikiwa nawagawia wanangu, nikaona watu wanapisha njia. Faustina alikuwa anakuja, taratibu, kitenge cheusi begani, chupa ya maji mkononi.

Nikasema moyoni, leo nazabwa kibao mbele ya umati.

Alichuchumaa mbele ya Tumpe. "Unakunywa ya baridi, au yatakukwaruza koo?"

"Ya baridi," Tumpe akasema.

Akamfungulia. Akamsubiri anywe. Akampangusa kidevu kwa kiganja chake, akasimama, akarudi kwenye gari la jeneza. Mimi hakunitupia hata jicho.

Nilitamani anizabe. Ingekuwa nafuu.

Joachim naye alikuja, mtu mrefu, sauti nzito, suti ya rangi ya udongo. "Kamwene, shemeji," akanisalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, kaka."

"Huyu mkubwa nitamchukua akae na mimi mbele mpaka Iringa. Nataka anizoee."

Kabla sijafungua mdomo, Blandina alishashikwa mkono. Nikamwangalia anavyokwenda. Kutoka Makambako mpaka Ipogolo, pale unapoingilia Iringa, sikuondoa macho barabarani. Nilijua mwanangu hajui kudanganya. Nilikuwa nangoja tu lile gari dogo lisimame kando ya barabara, Joachim ashuke, aje aniburute nje.

Halikusimama.

*

Kalenga watu walikuwa wengi. Misa ikasomwa, mwili ukaagwa, tukaenda makaburini.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Sasa mke wa marehemu, aweke shada."

Faustina akaweka.

"Mama mzazi."

Bibi akashikwa kwapa mbili, akaweka.

Nikaona mshereheshaji anapewa kikaratasi. Akakisoma, akakohoa. "Na sasa... watoto wa marehemu."

Umati mzima ukaguna kwa pamoja, kama upepo kwenye mahindi. Ndugu wengine walikuwa hawajasikia. Bibi mwenyewe akawasukuma wanangu mbele.

Blandina akaweka shada lake, akarudi nyuma kichwa chini. Tumpe akachota udongo, akautupa, akachungulia shimo. Akageuka kwa watu. Ana sauti kali, mtoto yule.

"Baba yangu hayumo humu. Baba yangu yuko Chunya."

Nikafumba macho. Nikasema, basi, imekwisha.

Nilisikia ukelele wa mwanamke, kisha mwingine. Nikafumbua macho nikidhani nitaona mawe. Nikaona watu wanalia. Wanaume wazima wanalia.

"Masikini!" mama mmoja akajipiga mapajani. "Ndivyo alivyokuwa anawaaga! Akija Iringa anawaambia anakwenda Chunya!"

"Malaika wa Mungu, hajui hata kama amekufa!"

Bibi alipiga magoti pale kwenye udongo, akamkumbatia Tumpe, akamwambia, "Ndiyo, mjukuu wangu. Baba yuko Chunya. Atachelewa."

Jamani. Ukweli umesemwa, tena kwa sauti, mbele ya padri, na hakuna aliyeutaka. Nimeishi miaka thelathini na mbili sijawahi kuona uongo unaojilinda wenyewe kama ule. Sikuwa nimeusema hata kwa neno moja, na ulikuwa umeshanizidi nguvu.

Usiku ule sikulala sana. Walikuwa wametupa chumba, godoro nene, mablanketi mawili, maana Iringa baridi. Wanangu walilala kama magogo. Nikaamua: kukikucha namwona mjane, namwambia kila kitu, napiga magoti, tunaondoka kwa miguu ikibidi.

*

Asubuhi nilimkuta Faustina uani nyuma ya jiko, anasugua sufuria kubwa kwa majivu, peke yake. Mjane hapaswi kusugua sufuria. Nadhani alikuwa amewafukuza wanawake wengine makusudi.

Nikapiga magoti.

"Dada, nina neno."

"Inuka. Utachafua kanga."

"Dada, mimi siye..."

"Najua kwamba siye," akasema, bila kuacha kusugua. "Nilijua tangu Iyela."

Nikainuka polepole.

"Ulikuwa unawapa watoto nyama, wewe unachovya mchuzi," akasema. "Na ulipodhani hakuna anayekuona, ulifunga vipande viwili kwenye mfuko wa nailoni ukatia kifuani. Mwanamke wa mtu mwenye ghala la mchele hawezi kufika huko. Nikasema, huyu ana njaa tu."

Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika.

"Nisamehe, dada. Nilitaka chakula tu. Nilikuwa nimebana, nimebana, mpaka pakawa hapana pa kubana tena. Huyo mwenyewe wa kweli akija..."

"Hatakuja."

"Amekufa?"

Faustina akaacha kusugua. Akaangalia mlangoni, akaangalia upande wa nyumba kubwa. Akashusha sauti.

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Mimi na Liberatus tumeoana miaka kumi na minane, hatukupata mtoto. Ndugu zake walikuwa wananisema mimi. Tukaenda kupima, wote wawili. Mimi sikuwa na tatizo." Akaongeza majivu kwenye sufuria. "Alilia kwa siku mbili. Kisha akaniomba nisimwambie mtu, nami nikakubali. Mwaka uliofuata nikasikia uvumi, Liberatus ana mwanamke Mbeya, ana mabinti wawili. Nikamuuliza. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameuanzisha yeye mwenyewe, pombeni, ili wasimcheke."

Nikachuchumaa kando yake.

"Watu walinionea huruma kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo," Faustina akasema. "Nilivumilia. Mume wangu alikuwa mtu mwema, mdogo wangu. Alikuwa na hiyo aibu moja tu."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Saa tatu wanakaa kikao. Joachim atakuuliza. Ukisema si watoto wake, watauliza basi wako wapi wale wa kweli. Watatafuta. Watakuja kwangu. Mwisho watajua." Akanishika mkono kwa mkono wake wenye majivu. "Jana alizikwa akiwa baba wa watu. Ulimwona mama yake? Usimvue nguo marehemu, nakuomba. Sema ndiyo, mara moja. Kisha urudi zako Mbeya. Nitakuwa nakutumia mchele, kila mwezi, mpaka mumeo arudi. Nani atapata hasara?"

Nani atapata hasara. Niliigeuza ile kauli kichwani, sikuiona hasara yoyote. Niliona mchele. Naungama hapa gazetini: nilimhurumia marehemu, nilimhurumia Faustina, lakini nilichokiona mbele ya macho yangu ni debe la mchele, uliopetwa, usio na chenga.

"Watoto wako wapi?" nikauliza.

"Wapo na Bibi. Wanakunywa uji."

*

Kikao kilikuwa sebuleni. Wazee watatu wa ukoo, Joachim kwenye kiti cha mbao, Faustina chini mkekani. Bibi hakuwepo. Nikaketi karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kukimbia.

Joachim alianza kwa upole.

"Shemeji, hatukukuita kukuhukumu. Mwenye kosa, kama lipo, tumemzika jana. Hata mke wa ndoa, Faustina hapa, ametuambia hana kinyongo na wewe. Mimi nina swali moja tu, na nitakuuliza mbele ya wazee hawa. Nijibu kwa neno moja." Akavua miwani. "Hawa mabinti wawili ni damu ya Liberatus, au si damu ya Liberatus?"

Nikamtazama Faustina. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikakumbuka kiapo changu cha ndoa, kanisani Ruanda, pale pale Mbeya, na Gwakisa kavaa suti ya kuazima, mikono imempita. Nikasema moyoni, nisamehe, baba Blandina, ni neno tu. Neno haliumi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni damu yake."

Mzee mmoja akasema, "Mungu ashukuriwe." Joachim akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Ahsante, shemeji. Umetupa heshima. Basi nami nitasema langu, halafu tumalize." Akavaa miwani. "Jana kwenye gari nilimuuliza yule mkubwa, nyumbani mnakula nini? Sikumuuliza kwa ubaya. Nilitaka mazungumzo. Akaniambia: nyanya masalo, chenga, na dagaa wa chumvi nyingi. Akaniambia mama hali, anasema ameshiba." Akavua miwani tena, akaifuta, akaivaa. "Mtoto wa mdogo wangu anakula nyanya zilizooza, na mimi nina magunia mia mbili nyumba ya pili. Shemeji, wewe sikulaumu. Umehangaika. Lakini huko hawarudi."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Hawarudi wapi, kaka?"

"Mbeya. Watoto ni wa ukoo. Baba yao akiwa hai tulimwachia, sasa hayupo. Watabaki hapa na bibi yao, watasoma hapa. Faustina naye hana mtoto, atawalea kama wake. Wewe utakuja kuwaona wakati wowote, mlango hautafungwa. Wazee, nimekosea?"

"Hujakosea," wakasema wote watatu.

"Coaster inarudi Mbeya saa nne. Kuna gunia la mchele nimewaambia wakupakilie."

Nikasimama.

"Kaka Joachim, hapana. Haiwezekani. Hawa ni wanangu."

"Ni wako, nani kakataa? Na ni wa Liberatus. Umesema mwenyewe sasa hivi, mbele ya wazee."

"Faustina!" nikaita. "Dada, sema!"

Faustina akainua uso, kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze. Alikuwa analia, machozi yale ambayo hakuyatoa Iyela, wala makaburini. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Mpaka leo sijui. Sijui kama lile nalo aliliona mapema, au lilimwangukia kama lilivyoniangukia mimi. Nikakumbuka chupa ya maji Makambako, na kiganja chake kwenye kidevu cha mwanangu.

"Semeni ukweli!" nikapiga kelele. "Mimi nimedanganya! Si watoto wake! Baba yao ni Gwakisa, fundi magari, yuko Chunya!"

Wazee wakatazamana kwa huruma. Mmoja akatikisa kichwa taratibu.

"Uchungu wa mama," akasema. "Atakana hata jua ili asiachane na mtoto. Mpeni maji."

"Wako wapi wanangu?"

"Wako nje na Bibi," Joachim akasema. "Anawanyoa. Kwetu watoto wa marehemu hunyolewa siku ya pili ya maziko."

Nilitoka mbio. Nilipitia jikoni, nikapiga teke sufuria, nikatokea uani upande wa pili.

Tumpe alikuwa ameshamalizwa. Kichwa kinang'aa kama yai, anajipapasa na kucheka, na mkononi ana andazi. Blandina alikuwa kwenye kigoda, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Nywele zake, zile nilizozisuka kwa mikono yangu, zilikuwa chini kwenye vumbi. Bibi alisimama nyuma yake na wembe.

"Blandina, inuka. Tunaondoka."

Hakuinuka.

"Blandina! Sikia nakuambia, inuka!"

Bibi akaacha kunyoa, akageuka kusuuza wembe kwenye kopo. Blandina akatumia nafasi ile kunisogezea uso. Alinong'ona, maneno ya haraka haraka, kama mtu aliyekuwa ameyapanga tangu alfajiri.

"Mama, mimi najua siyo baba yetu. Sijamwambia mtu."

"Vizuri, mwanangu. Sasa twende."

"Hapa wanakula mara tatu, mama. Na katikati wanakula viazi." Macho yake yalijaa, lakini sauti haikutikisika. "Sisi tukibaki, wewe nawe utakuwa unakula. Chakula cha mtu mmoja si kingi. Wewe nenda kamtafute baba. Mkipata hela, mje mtuchukue."

Nje ya uzio Coaster ilipiga honi, ndefu, kisha ya pili. Nikasikia wanaume wanahesabiana wakipandisha kitu kizito juu ya gari, moja, mbili, tatu, na kile kitu kikatua kwa kishindo. Gunia langu.

Bibi alirudi na wembe wake, umesafishwa, unadondosha maji. Akaniangalia kwa upendo ambao mama yangu mzazi hakuwahi kuniangalia nao.

"Umefika wakati mzuri, mkwe wangu," akasema. "Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Hebu mshike kichwa hapa, kisitikisike, nimalizie upande huu."